Simu iko mfukoni, Kiswahili chake kiko wapi?

Wiki jana simu yangu iligoma kupokea chaji. Niliichomeka usiku kucha na kulipopambazuka nikaikuta na asilimia nne. Nikaitia mkobani pamoja na vikorokoro vyote ninavyotembea navyo siku hizi, nikashuka hadi kwa fundi mmoja mwenye kibanda kando ya barabara hapa Kalimoni, karibu na Juja, baina ya Ruiru na Thika.

Nimefundisha Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nina kasoro ya walimu wengi: siwezi kununua hata nyanya bila kusahihisha. Nikamwambia yule kijana, "Rununu yangu haipokei umeme."

"Ati nini, Prof?"

Nikarudia polepole, kama ninayeamlisha imla. Akaichukua, akaigeuza, akamulika tundu lake kwa tochi ndogo. "Aa, simu haichaji! Si ungesema tu hivyo. Hii imeingia vumbi."

Akaniomba waya wangu aujaribu. Ikabidi nimwage mkoba wote mezani, na kijana akavitaja vitu vyangu kimoja kimoja akivisogeza kando: chaja, kebo, pawabenki, iafoni, flashi, tabuleti. Mimi nami nilikuwa nikivitaja kimoyomoyo kwa majina ya darasani: visikizi, diski mweko, kishikwambi. Kwa muda wa dakika moja watu wawili wanaozungumza lugha moja walivitazama vitu vilevile wakaviita kwa majina tofauti. Mmoja alijua kuvitengeneza. Mwingine alijua kuviandika.

Kabla sijaanza kujipongeza, akafika mama mmoja anayeuza mboga mkabala na kibanda hicho. Alikuwa ameshika simu yake kama mtu aliyeshika sahani ya moto. "Kijana wangu, nisomee hii. Wamenitumia tena."

Fundi akasoma kimya, kisha akamfasiria kwa Kiswahili na Kikuyu. Mama alikuwa amekopa shilingi 2,000 kwenye programu fulani ya mikopo. Siku ya kulipa ilikuwa imepita. Sasa mkopeshaji alikuwa akiwaandikia ujumbe watu walio kwenye orodha ya majina ya simu yake: dada yake wa Murang'a, mchungaji wake, hata mteja anayemletea sukumawiki.

"Lakini nani aliwapa hizo namba?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama. Ulibonyeza kukubali."

"Mimi nilibonyeza ili iendelee. Ilikuwa Kizungu mingi, nikaona ni ile ya kuendelea."

Msomaji, nimeyaandika haya kwa sababu ya jibu hilo. Sisi wataalamu wa lugha tumekuwa tukibishana kwa miaka mingi jinsi ya kukiita kifaa alichoshika mama yule. Baadhi yetu tunasema rununu, wengine rukono, wengine simutamba, na wapo walioridhika na simu ya mkononi. Mjadala huo umetupa makala, makongamano na vyeo. Haukumpa mama yule sentensi moja ya Kiswahili pale alipoihitaji, chini ya kidole chake.

Hoja yangu leo ni hiyo. Tumejishughulisha mno na jina la kifaa, tukaisahau lugha inayozungumzwa na kifaa chenyewe. Na jina lenyewe halitokani na orodha. Hutokana na kazi.

Hebu tulianze neno simu. Asili yake ni Kiajemi, ambako lilimaanisha fedha, yale madini, na pia waya. Lilishika kwetu katika zama za simu za maandishi. Mwaka wa 1879 waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar kutoka Aden, na watu wa pwani wakawa na habari za mbali zinazofika upesi kuliko jahazi lolote. Waya ule ukaitwa simu, na ujumbe uliopita ndani yake ukaitwa simu pia: "kupiga simu", "kupeleka simu".

Kisha kikaja chombo cha kuongea kwa sauti. Hapana aliyeitisha kikao. Neno likahamia humo. Baadaye, hasa kuanzia mwaka wa 2000 mitandao ya simu za mkononi ilipoanza kuwafikia Wakenya wa kawaida, kikaja chombo kisicho na waya hata kidogo, na bado tukakiita simu. Ukifuata asili ya neno, tumebeba mfukoni waya usio na waya! Lakini lugha haikuona haya. Neno lilikuwa limeshafanya kazi kwa vizazi kadhaa, likawa na mizizi ambayo mkasi wa kamati hauwezi kuikata.

Ndiyo maana rununu, kwa sauti yake yote nzuri, imebaki neno la insha na taarifa ya habari. Sina chuki nalo. Nimelitumia na nitalitumia. Ninachokataa ni kulifanya kipimo cha ujuzi. Mjukuu wangu alileta nyumbani insha yenye alama nyekundu iliyokata maneno "simu ya mkononi", na pembeni mwalimu ameandika "rununu". Shule sitaitaja, maana kosa si lake peke yake. Mwalimu yule alifundishwa na mtu kama mimi. Mtoto akaniuliza, "Guka, kwani simu si Kiswahili?" Nilikosa la kumjibu.

Yaliyoipata simu yameipata kompyuta pia. Kenya tumeshikilia tarakilishi, neno tunalowaeleza wanafunzi kuwa ni tarakimu zilizotiwa akili. Tanzania wengi husema kompyuta na maisha yanaendelea. Kuna wakati lilipendekezwa ngamizi, ambalo masikioni mwa wengi lilisikika kama jamaa ya kuangamiza. Tukatoka hapo tukaunda kipakatalishi, kutokana na kupakata, na hili nalisifu waziwazi. Mama hupakata mtoto. Mwanafunzi wa Juja hupakata kompyuta yake kitandani akiandika kazi ya mhadhiri. Neno lina picha ndani yake.

Lakini uzuri wa neno hautoshi kulifikisha sokoni. Tazama kisa cha kishikwambi, ambacho kwetu huku Kalimoni kinauma kidogo.

Agosti 2019, usiku wa tarehe 24 kuamkia 25, Kenya ilianza kuhesabu watu wake. Kwa mara ya kwanza makarani hawakubeba madaftari makubwa ya karatasi. Walibeba vifaa vya kidijitali vilivyotolewa na vyuo vikuu viwili vya umma, JKUAT na Moi. JKUAT iko hapa Juja, jirani zetu. Vijana wa sehemu hii walishiriki kuviunganisha vifaa vya aina hiyo, vikiwemo vile vya mpango wa kidijitali wa shule za msingi. Nasi tulipohesabiwa, watu 47.6 milioni, tulikiita kifaa kile tulivyotaka: tabuleti, tableti, "ile simu kubwa". Tulikiunda kwa mikono yetu bila kukipa jina vinywani mwetu.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania nayo ikafanya sensa yake kwa kifaa cha namna ileile. Huko kikaitwa kishikwambi. Neno halikukaa kwenye kitabu likingoja mtihani. Lilitamkwa na viongozi, likaandikwa katika matangazo, likasemwa na makarani waliobisha hodi kila nyumba. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vikagawiwa walimu. Muuza duka aliyehesabiwa alilisikia neno na kukiona kitu kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo neno linavyozaliwa. Huja na kitu chake, likafanya kazi hadharani, na mtu hulishika bila kujua kwamba amejifunza msamiati.

Wapo watakaonijibu kuwa Tanzania ina BAKITA tangu 1967, ilhali Kenya hatuna chombo cha kufanana nacho. Ni kweli kwamba baraza lina faida. Baraza letu la Mawaziri liliidhinisha Agosti 2018 kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Kenya, na wengi wetu tulishangilia. Lakini kishikwambi hakikushinda kwa sababu ya muhuri. Kilishinda kwa sababu serikali yenyewe ilikitumia neno hilo ilipokuwa na shughuli na raia wake. Tukipata baraza kesho, halafu serikali iendelee kutuandikia ujumbe kwa Kiingereza, tutakuwa na jengo, mwenyekiti na orodha nyingine ya maneno.

Mtaa kwa upande wake haungoji. Simu ndogo ya bei nafuu yenye tochi kichwani Wakenya tuliipa jina mulika mwizi. Hebu lichunguze kama mwanaisimu. Ni kitenzi kimeambatana na nomino, muundo uleule wa zimamoto na chemsha bongo. Aliyeliunda huenda hakumaliza darasa la nane, lakini alizijua kanuni za uundaji wa maneno kuliko wengi wanaozifundisha. Jina linakuambia kifaa kina nini, kinatumika wapi, na hata hali ya usalama wa mtaa ule. Watanzania wana kitochi na kiswaswadu. Sisi pia tuna kabambe, neno ambalo katika Kiswahili cha kawaida ni sifa ya kitu chenye nguvu na uwezo mkubwa, na leo mitaani linatumiwa kwa simu ya chini kabisa. Ni kejeli tamu, na kejeli ni dalili kwamba lugha iko hai.

Wafanyabiashara wameligundua hili kabla yetu. M-PESA ilipoanza Machi 2007, sehemu ya jina iliyobeba uzito ilikuwa pesa. Zikafuata Okoa Jahazi, M-Shwari mwaka wa 2012, na Fuliza mwaka wa 2019. Watu wa Kiambu ambao hawajawahi kuona jahazi wameokoa majahazi mengi wakiwa katikati ya mazungumzo. Kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kusita, na kamusi zilikuwa nalo zamani, likiwa limelala. Leo mwenye bodaboda anakuambia "niko na fuliza ya mia tano", na kitenzi kimegeuka nomino yenye maana ya deni. Hakuna mtihani wowote wa Kiswahili uliowahi kulifufua neno kwa kasi hiyo.

Swali ni hili: ikiwa Kiswahili kinafaa kuwekwa mlangoni ili mteja aingie, kwa nini hakifai ndani, mahali mteja anapotia sahihi? Simlengi mtoaji huduma mmoja. Ni desturi iliyoenea katika programu nyingi tunazozibeba. Jina ni la Kiswahili, tangazo ni la Kiswahili chenye utani, na masharti, ambayo ndiyo mkataba, ni kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili. Kiswahili kimefanywa mpiga debe wa matatu. Anaita abiria kwa sauti tamu, lakini usukani haushiki.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mteja haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja, kisha urudi kwa mama wa mboga. Habari alipewa. Zilikuwa pale kwenye kioo cha simu. Lakini habari isiyoeleweka ni sawa na barua iliyotumwa ikiwa imefungwa.

Jaribu kuyaandika masharti yale kwa Kiswahili cha kawaida: "Ukibonyeza hapa, unaturuhusu kusoma majina na namba zote zilizo kwenye simu yako." Hakuna neno gumu hapo. Hakuna hata istilahi moja inayohitaji kamati. Nilimsomea mama sentensi hiyo pale kibandani. Akaniambia, "Ingekuwa imeandikwa hivyo, si ningekataa?"

Hapo ndipo kisingizio cha siku nyingi kinapoanguka, kwamba Kiswahili hakina maneno ya teknolojia. Maneno yapo, na mengine ni mazuri kupita yale ya Kiingereza. Tangu Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametoa programu nzima ya ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kampuni kubwa za nje zikafuata na tafsiri zao. Katika shughuli hizo tukapata nenosiri, neno ambalo mtoto huelewa mara moja. Tukapata pakua na pakia. Pakua tulikuwa nalo jikoni tukitoa chakula chunguni, na bandarini tukishusha shehena chomboni. Lilipopelekwa kwenye intaneti lilitosha kabisa, kwa kuwa tendo ni lilelile: kitu kilikuwa kule, sasa kiko kwangu.

Sikatai kwamba baadhi ya tafsiri hizo zina ugumu wa mbao mbichi. Zipo zilizofanywa neno kwa neno na mtu aliyekuwa akiitazama orodha badala ya kifaa. Lakini dawa ya tafsiri mbaya ni watumiaji wanaolalamika. Na mtu hawezi kulalamikia asichokitumia.

Nami hapa sina budi kujishtaki. Fundi alipomaliza kusafisha lile tundu kwa sindano na brashi, aliiwasha simu yangu ili kuijaribu. Akatazama kioo, akacheka. "Prof, kumbe simu yako inaongea Kizungu? Na si wewe ni wa Kiswahili?"

Nilijitetea. Nikasema niliinunua hivyo. Nikasema nimezoea. Nikasema sina muda. Kila nililolisema lilikuwa lilelile ambalo kampuni, wizara na vyuo hutuambia tunapowadai Kiswahili. Mtu mwenye shahada ya uzamifu katika lugha hii, aliyesahihisha tasnifu ngapi sijui, alibeba mfukoni kwa miaka kifaa kinachomsemesha Kiingereza kutoka alfajiri hadi usiku, na hakuwahi kubonyeza sehemu ya kubadilisha. Hata menyu ya M-PESA, ambayo humpa mteja nafasi ya kuchagua Kiswahili, nilikuwa nikiisoma kwa Kiingereza.

Nikaibadilisha palepale, fundi akishuhudia. Sasa naona Mipangilio, Arifa, Hali ya ndegeni. Kuna sehemu inayoitwa Usinisumbue, amri fupi iliyonichekesha kwa sababu ndiyo hasa ninayotaka kuwaambia watu saa nne za usiku. Siku mbili za kwanza nilipotea mara kadhaa nikitafuta kitu nilichokijua kwa rangi yake tu. Siku ya tatu nikazoea. Nimeshaorodhesha tafsiri tano zisizoniridhisha, na safari hii nazipinga nikiwa mtumiaji.

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, walimu na watahini tuache kumwadhibu mtoto kwa neno lililo Kiswahili. Simu, kompyuta na chaja ni Kiswahili. Tumfundishe rununu, tarakilishi na kipakatalishi kama nyongeza ya utajiri wake. Alama nyekundu juu ya neno "simu" inamfunza kwamba lugha ya mama yake sokoni ni kosa.

Pili, vyuo vikuu, hususan hivi vilivyo na vitivo vya kompyuta na idara za Kiswahili katika nchi moja, viwakutanishe wanafunzi wao. Anayeunda programu na anayesomea isimu huenda wanapanda matatu moja kila asubuhi katika barabara ya Thika. Mradi mmoja wa pamoja kila mwaka, programu inayozungumza Kiswahili cha watu, utazaa istilahi nyingi kuliko warsha kumi.

Tatu, mamlaka zinazotoa leseni kwa wakopeshaji wa kidijitali zidai masharti yaandikwe pia kwa Kiswahili sahili, kabla ya kile kitufe cha kukubali. Tumekwisha kuonyesha kwamba sentensi yenyewe inaandikika.

Nilimlipa fundi shilingi mia moja. Alinikabidhi simu ikiwa na asilimia ishirini na mbili, akaniambia, "Usiiweke tena mfukoni na chaki, Prof." Kisha akamgeukia mama wa mboga, akaichukua simu yake na kuanza kumwonyesha jinsi ya kuizuia ile programu isiyasome majina ya watu wake. Alikuwa akimtafsiria kila hatua. Nyuma ya mama walikuwa wamesimama watu wengine wawili, kila mmoja na simu yake mkononi.